Wiki nane za kazi Rwenzori kisha kupanda Margherita: nijipange vipi?

Mwanafunzi_Mbarara

Habari zenu wakubwa. Nasomea mazingira, mwaka wa pili. Mitihani ikiisha mwanzoni mwa Juni nina nafasi hadi katikati ya Agosti, na chuo kinadai wiki nane za mafunzo kazini. Nataka nizifanyie Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori hapa Uganda, upande wa Kasese, kisha siku zitakazobaki mwishoni nipande njia iitwayo Mzunguko wa Kati mpaka Margherita, kilele cha juu kabisa.

Naomba mnisaidie haya. Mwanafunzi hupewa kazi gani huko, na maombi yaende lini? Nikikaa Nyakalengija, langoni mwa hifadhi, wiki zote nane, si nitakuwa nimeshazoea hewa ya juu? Je, naweza kufanya upagazi wikendi nipate hela ya kupandia? Na vifaa: nina shanta ya lita 60, mfuko wa kulalia wa manyoya ya bata, na koti la mvua kama la watu wa boda. Viatu sijanunua, maana wengine wanasema gambuti, wengine buti za mlima.

Natanguliza shukrani.

---

Mzee_wa_Mubuku

Karibu Kasese, mwanangu. Nianze na jambo dogo linalopoteza watu nauli: Ibanda ziko mbili. Kuna mji wa Ibanda huko kwenu Ankole, na kuna Ibanda ya Kasese, kijiji cha njiani kwenda lango la Nyakalengija. Ukimwambia kondakta wa Mbarara "Ibanda" tu, atakupeleka ile ya kwanza bila kukuuliza mara mbili. Kata tiketi ya Kasese, kisha panda teksi inayoelekea Fort Portal, ushuke njia panda ya kwenda Ibanda na umalizie kwa boda. Kutoka Kasese mjini hadi langoni ni kama kilomita 25. Hela toa mjini kabla ya kuondoka.

Maombi yaandike miezi mitatu kabla, yaani Machi. Andika kwa UWA, yaani Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, makao makuu yao yako Kira Road, Kamwokya, Kampala, na nakala umpelekee mhifadhi mkuu wa Rwenzori. Ambatisha barua ya utambulisho ya chuo na nakala ya kitambulisho cha taifa. Kosa la wengi ni kuandika "naomba mafunzo katika hifadhi yoyote, idara yoyote". Barua ya namna hiyo haina mwenyewe, hukaa juu ya meza. Taja hifadhi, taja tarehe ya kuanza na kumaliza, taja idara. Idara zinazomfaa mtu wa mazingira ni utafiti na ufuatiliaji, uhifadhi wa jamii, na utalii. Ulinzi wa sheria usiombe, doria zile ni za watu wenye bunduki.

Mshahara usiutarajie. Chakula, malazi na bima panga mwenyewe. Kubalianeni pia na msimamizi wako wa chuo mapema kwamba atafika Nyakalengija, maana msimamizi akishasikia "mlimani" anaweza kutaka kukutembelea kwa simu tu, na alama zako zikapungua.

Upagazi sahau. Wapagazi na waongozaji wanatoka katika vijiji vinavyopakana na hifadhi na wanakwenda kwa zamu. Mtu akikosa zamu leo, huenda asubiri wiki nyingi ndipo imfikie tena. Mwanafunzi wa Mbarara akichukua mzigo mmoja, ni ada ya shule ya mtoto wa mtu Ibanda au Bugoye imeondoka. Sheria yenyewe inairudishia jamii asilimia 20 ya ada za kiingilio, na bado watu huona ni kidogo. Ukitaka kupendwa kijijini, usiguse zamu.

Halafu fahamu kwamba barua ya mafunzo haikupi kibali cha kupanda kileleni. Safari ya Margherita utailipia kama mgeni mwingine, kwa kiwango cha raia wa Afrika Mashariki, kwa hiyo kitambulisho kiwe mkononi siku hiyo, si kwenye begi lililobaki Mbarara.

---

Fundi_Njia

Wabukire. Mzee amemaliza upande wa makaratasi. Mimi nakuongezea idara isiyoombwa na mtu: ukarabati wa njia. Kwa mwanafunzi wa mazingira hakuna darasa kama hilo, na ndiyo kazi itakayokupandisha hadi kambi ya Nyabitaba na zaidi bila kukaa langoni kuandika majina ya wageni kitabuni.

Njia ya Rwenzori huuawa na maji. Mguu wa mtu hulegeza udongo, halafu mvua hugeuza ule mkanyago kuwa mfereji, na mfereji ukishashuka goti moja watu hupita pembeni, ndipo njia moja inakuwa tatu. Kwa hiyo kazi ni kuyatoa maji njiani kabla hayajapata mbio. Kagua wakati mvua inanyesha au mara tu ilipokatika. Siku kavu huoni kitu.

Kizuizi cha maji hujengwa hivi. Chukua gogo lililonyooka la kipenyo cha sentimita 15 hadi 20, au mawe marefu yaliyobanana. Chimba mtaro unaoikata njia kimshazari, nyuzi 45 hadi 60 ukipima na mstari wa njia, ncha ya chini ikielekea upande wa bonde. Lizike gogo theluthi mbili, ushindilie udongo na mawe upande wa chini. Ncha zote mbili zipite ukingo wa njia kwa sentimita 30 hivi. Mwisho, chimba mfereji wa kutolea maji, upana wa jembe, uende mbali mpaka pale maji yatakaposambaa majanini yenyewe.

Yanayoharibika ni haya. Gogo likiikata njia bila mshazari wowote, tope hujaa nyuma yake baada ya mvua chache, kisha maji hulirukia na kuchimba shimo chini yake, na shimo hilo ndilo linalovunja vifundo vya watu. Ncha ikiwa fupi, maji huizunguka. Na hata likijengwa vizuri, mfereji usipozolewa tope kabla ya mvua za Septemba, kazi yote imeliwa. Ndiyo maana Juni na Julai hutumika zaidi kuzoa mifereji ya zamani kuliko kujenga mipya, na ni kazi ya sepeto, haina picha nzuri.

Kwenye vinamasi vya Bigo, kule juu ya kambi ya John Matte, mambo ni kinyume. Huko maji usiyatoe. Kinamasi kile ni sponji inayoulisha mto Bujuku, na ukichimba mfereji unakikausha. Kinachofanyika ni kuinua watu juu ya maji kwa njia ya mbao. Mbao na nguzo hutoka nje ya hifadhi, mikaratusi mara nyingi, kwa sababu kukata mti ndani ni marufuku hata kama ni wa kujengea njia ya hifadhi yenyewe. Kila ubao umebebwa begani, kwa hiyo usishangae ukiona mafundi wanagombania msumari uliopinda ili waunyooshe. Kati ya mbao acha nafasi ya sentimita moja ili maji na uchafu vidondoke, la sivyo ukoko wa kijani utaota na mtu atateleza. Juu hugongewa wavu wa kuku kwa misumari ya umbo la U. Uozo huanzia pale ubao unapokaa juu ya nguzo na kuzunguka misumari, si katikati panapoonekana. Kwa hiyo choma pale kwa ncha ya panga. Ikizama kirahisi zaidi ya sentimita moja, ubao huo uandike wa kubadilishwa. Na unapotembea, kanyaga pale penye nguzo chini, yaani kwenye mstari wa misumari.

Palipo na tope bila mbao, pita katikati. Ndiyo, katikati kabisa, tope likufike magotini. Anayeruka kwenye vichuguu vya majani pembeni anavivunja, na vile huchukua miaka mingi kuota. Tena kurukaruka ndiko kunakowadondosha watu kwenye maji ya kiunoni.

---

Nesi_wa_Bondeni

Swali lako la pili ndilo linalonitia wasiwasi. Hapana, mdogo wangu, wiki nane za Nyakalengija hazitakuzoesha hewa nyepesi. Lango liko mita 1,646 na mwili hauanzi kujirekebisha kwa maana mpaka ulale juu ya mita 2,500 hivi. Utakachovuna pale ni mapaja na pumzi ya kupanda vilima, jambo zuri, ila si dawa ya mwinuko. Hata ukilala Nyabitaba kikazi wiki ya pili, kufikia wiki ya nane faida yake imeshayeyuka, maana mazoea hayo hupotea ndani ya wiki moja au mbili ukiwa chini. Na watu wenye nguvu za miguu nao huugua, kwa sababu wanaweza kwenda haraka.

Sasa tazama kambi za kulala, usiku kwa usiku. Nyabitaba mita 2,652. John Matte 3,505. Bujuku 3,962. Elena 4,541. Kisha Margherita yenyewe 5,109. Kanuni inayotumika duniani kote ni kwamba ukishavuka mita 3,000, pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila baada ya siku tatu au nne ulale mara mbili mahali pamoja. Piga hesabu: kutoka Nyabitaba hadi John Matte umepanda mita 853 kwa siku moja, halafu ni siku ndefu, saa saba au zaidi za mizizi na mawe. Hapo ndipo kichwa kinapoanza kugonga. Bujuku ni 457, hiyo sawa. Elena ni 579, imezidi kidogo.

Kwa hiyo ratiba ya kawaida ya siku saba usiichukue kama msahafu. Lala John Matte usiku mbili. Siku ya katikati tembea hadi kinamasi cha chini cha Bigo urudi, ule vizuri, ulale. Ukifika Bujuku na kichwa bado kinauma baada ya usiku mmoja, kaa wa pili. Siku ya nyongeza ina gharama yake, utawalipa watu na chakula kitaongezeka, lakini ni ndogo kuliko kulipia safari nzima ukaishia Elena.

Asetazolamaidi inasaidia: miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Muone daktari kwanza, hasa kama dawa za salfa zilishawahi kukudhuru. Ijaribu ukiwa bado bondeni, uone vidole vinavyochonyota na unavyokwenda haja ndogo mara kwa mara, usije ukadhani ni ugonjwa mwingine ukiwa juu.

Halafu malaria. Kasese mjini iko chini ya mita 1,000 na mbu wake hawana likizo. Aliyeng'atwa mjini anaweza kuanza kutetemeka wiki moja au mbili baadaye akiwa Bujuku, na wenzake wakasema "ni mwinuko tu". Ugonjwa wa mwinuko huleta maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na usingizi wa kukatika, lakini homa kali kwa kawaida haimo. Ukiwa na homa, pima. Beba vipimo vya haraka viwili na dozi kamili ya dawa ya malaria. Hivyo vyote havifiki nusu kilo.

Dalili za kushuka bila mjadala: mtu anakosa pumzi akiwa ameketi, anakohoa makohozi yenye povu, anaongea ovyo, au anashindwa kutembea hatua kumi kisigino kikigusa kidole kwenye mstari ulionyooka. Hasubiri asubuhi.

---

Mwanafunzi_Mbarara

Asanteni sana, hii ya kinamasi sikuijua kabisa. Nesi, nimefuatilia ramani: baada ya kilele watu hushukia kambi ya Kitandara, si Bujuku. Kama mtu amezidiwa Elena, si bora ashuke naye Kitandara, maana iko mita 4,023 na ndiyo njia ya kurudi nyumbani?

---

Nesi_wa_Bondeni

Swali zuri, na jibu ni hapana. Kitandara ni shimo kati ya milango miwili, yaani mapito ya juu kati ya vilele. Kutoka pale kwenda kambi ya Guy Yeoman, njia ya kurudi nyumbani, lazima uvuke Freshfield, mita 4,282. Ukitaka kurudi Bujuku unavuka Scott Elliot, mita 4,372. Kwa vyovyote utampandisha mgonjwa. Aliyezidiwa Elena arudishwe Bujuku: anashuka mita 579, na kutoka hapo njia inateremka kupitia Bigo na John Matte mpaka daraja la Kurt Schäfer, ndipo panabaki mlima mfupi wa kufika Nyabitaba. Ndugu wanaopanda kwa njia nyingine, ya Kilembe, wana mtego huohuo. Kambi ya Hunwick iko mita 3,974 na kutoka kwake kurudi nyumbani ni kuvuka mlango wa juu kama Bamwanjara, mita 4,450.

Ila njia ya Kilembe ina uzuri wake kwa anayehofia kichwa: unaweza kulala Sine 2,596, Kalalama 3,134, Mutinda 3,582, Bugata 4,062, kisha unavuka Bamwanjara na kushuka kulala Hunwick. Inapanda kidogo kidogo, na siku ya Bamwanjara unakwenda juu ukalale chini. Ni ndefu zaidi, basi hesabu siku.

---

Gambuti_Namba9

Nimeona watu wamekuacha kwenye viatu. Jibu ni vyote viwili, kila kimoja mahali pake.

Gambuti kutoka langoni hadi Bujuku, na tena kutoka Kitandara kurudi. Nunua Kasese sokoni, namba moja zaidi ya yako. Jaribu ukiwa umevaa soksi mbili: sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse, na nyuma ya kisigino kidole chako cha mkono kipite. Weka soli ya ndani ya ziada, kwa sababu ya gambuti ni nyembamba na mawe ya Rwenzori utayahesabu kwa unyayo. Suruali ya mvua ivae juu ya gambuti, isiingie ndani. Ukiichomeka, kila tone linaloteremka mgongoni linaishia mguuni. Kata kucha siku mbili kabla, si asubuhi ya safari. Kinachong'oa kucha ni mteremko wa kutoka Guy Yeoman, mguu unapogonga mbele kwa saa nyingi.

Soksi jozi nne. Mbili za kutembea, moja ya akiba, na moja ya kulalia ambayo haitoki kamwe nje ya mfuko wa kulalia. Asubuhi unavaa zile mbichi za jana. Inauma, najua, lakini ukivaa kavu ili ujisikie vizuri dakika ishirini, usiku huna kitu, na mguu usiokauka hata usiku siku tatu mfululizo hujikunja, huwa mweupe, kisha huchanika.

Buti ngumu za barafu ni za kutoka Elena tu. Meno ya chuma, yale yanayofungwa chini ya buti ili yashike barafu, hayashiki kwenye gambuti kwa sababu soli inajipinda na kuyavua. Buti, meno, mkanda wa kiunoni na shoka la barafu hukodishwa, na vyote vijaribu ukiwa langoni mchana, mkono ukiwa na glovu. Meno yarekebishwe kwa buti utakayovaa wewe, kisha uinue mguu uutikise: yakicheza, badilisha. Anayeyajaribu mara ya kwanza Elena saa nane usiku kwa tochi hugundua jino limelegea pale ambapo hakuna jingine.

Mfuko wako wa manyoya ya bata uache Mbarara, au upangishe mtu. Hewa ya vibandani yenyewe ni mbichi, manyoya yakishika unyevu hugandamana na joto linakwisha. Kodi wa nyuzi za kutengenezwa, wa kustahimili nyuzi kumi chini ya sifuri. Koti la boda nalo halifai kutembelea. Linazuia mvua, kweli, lakini jasho halitoki, na kufikia adhuhuri umelowa kwa ndani kama aliyenyeshewa. Koti jepesi lenye zipu za kupitisha hewa makwapani, tena tembea umevaa nguo chache, uongeze ukisimama.

Shanta ya lita 60 inatosha ukiwa na mpagazi. Ndani yake usitegemee kavera, mifuko laini ya plastiki ya dukani, zinatoboka siku ya kwanza. Tafuta ule mfuko mzito wa plastiki wa ndani ya gunia wanaohifadhia nafaka, weka kila kitu humo, sokota mdomo, funga kwa mpira wa tyubu. Nguo za kulalia na mfuko wa kulalia viwe na mfuko wao wa pili. Mlima huu ukikushinda, mara nyingi ni kwa sababu kila kitu kimelowa siku ya tatu na hamu imekwisha, na miguu bado mizima.

Tochi ya kichwani na betri za akiba. Betri lala nazo, baridi huzimaliza. Miwani ya jua isikose, barafu ya kwenye ikweta huunguza macho hata penye ukungu. Kutoka Elena watu huondoka saa nane au saa tisa usiku. Kubalianeni na mwongozaji saa ya kugeuka kabla ya kulala, mfano saa nne asubuhi, popote mlipo, kwa sababu baada ya hapo barafu inalainika na mawingu hufunga. Njia ya juu ya barafu nayo hubadilika. Kufikia 2003 barafu yote ya Rwenzori ilikuwa chini ya kilomita moja ya mraba, na inapopungua nyufa hufunguka mahali palipokuwa pazima mwaka jana. Msimamo wa ngazi na kamba uulize wiki hiyohiyo, ramani ya intaneti ya miaka mitano haikuambii kitu.

---

Wa_Budadiri

Niweke neno la upande wa mashariki. Kama bajeti ya barafu haipo, Mlima Elgon nao una hifadhi yake na Wagagai ni mita 4,321. Hakuna meno ya chuma wala kamba. Njia ya Sasa kutoka Budadiri huchukua siku nne, unalala kambi ya mto Sasa mita 2,900, kisha pango la Mude 3,500. Kiswahili chako kitafanya kazi kuliko huko, mpaka wa Kenya uko karibu. Ila angalia mwaka: kwenye miaka inayogawanyika kwa mbili, Agosti ni imbalu. Vijana wanatahiriwa, ngoma hazilali, na wapagazi wengi wana mtoto wa ndugu wa kumsindikiza. Panga Julai.

---

Mzee_wa_Mubuku

Na hapo Wa_Budadiri kanikumbusha: mwanangu, umeipanga ratiba yako kichwa chini. Umeweka kazi kwanza na mlima mwishoni, yaani Agosti. Kipindi kikavu cha katikati ya mwaka kwetu ni Juni na Julai, na hata hicho kina mvua zake. Agosti ikianza kuzeeka, mvua za pili zinabisha hodi. Omba mapumziko ya siku kumi katikati ya Julai, panda, kisha rudi umalizie wiki za kazi Agosti. Andika hivyo kwenye barua ya maombi tangu Machi, usije ukaomba ruhusa ukiwa umeshavaa gambuti. Tena ukirudi kazini baada ya kuuona mlima wote, ripoti yako ya mifereji na njia za mbao itakuwa na vipimo vya mahali ulipokanyaga mwenyewe.

Malazi ukipanga upande wa Kilembe, tafuta nyumba iliyo juu, mbali na ukingo wa Nyamwamba. Ule mto ulibeba nyumba Mei 2013, ukarudi tena Mei 2020.

---

Jiko_la_Nyabitaba

Chakula hakijatajwa. Maji hupungua joto la kuchemka kama nyuzi moja kwa kila mita 300. Bujuku yanachemka kwenye nyuzi 87 hivi, Elena 85. Maharage makavu hayaivi huko hata ukikesha, unamaliza gesi bure, na kuni za hifadhini ni marufuku. Yachemshe chini yaive kabisa, yabebe kwa siku mbili za kwanza. Kuanzia John Matte tumia dengu zilizopasuliwa, mukene (dagaa), unga wa karanga, tambi, uji. Posho (ugali) inaiva lakini iongezee dakika, la sivyo tumbo litakuambia. Chapati zilizokauka vizuri hukaa siku tatu kwa baridi ile. Maji ya kunywa yachemke dakika tatu kamili, na kunywa lita tatu au nne kwa siku hata kama kiu haipo.

---

Mwanafunzi_Mbarara

Nimebadilisha: kazi Juni 8, mlima Julai 10 hadi 20, usiku mbili John Matte, narudi kazini mpaka Agosti 14. Barua naandika ya ukarabati wa njia. Swali la mwisho: nguo zikilowa, naweza kuazima sigiri nikaanika ndani ya kibanda usiku?

---

Nesi_wa_Bondeni

Usithubutu. Makaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa isiyo na harufu inayoua watu usingizini, na dalili zake za kwanza ni kichwa kuuma na kichefuchefu, yaani zilezile za mwinuko, kwa hiyo hakuna atakayeshtuka. Kamua nguo kwa nguvu, zitandike kati ya mfuko wa kulalia na godoro, zile nyembamba tu. Zitakuwa vuguvugu asubuhi, kavu hazitakuwa.

---

Gambuti_Namba9

Na chupa ya maji moto, kifuniko kimekazwa, ndani ya soksi mbichi, miguuni. Asubuhi una maji ya kunywa ambayo hayajaganda.